Choo cha Meneja

—mavi ya paka, mwenzangu, nakuapia, mavi ya paka ndiyo yaliyoniliza dukani mbele ya watu! Tena si yale machozi ya kufuta kwa kidole ukasingizia vumbi. Nililia mpaka muuzaji akanivutia kiti, na mama mmoja aliyekuja kununua chakula cha samaki akaniuliza kwa upole kama nimefiwa. Nikamjibu bado, lakini tuko njiani.

Usiniulize kwanza kama paka kaondoka au kabaki. Nitakufikisha. Nikikurukisha mpaka mwisho hutaelewa kwa nini hata sasa hivi ninapokusimulia nimejibanza dirishani kwa Bibi kama mpelelezi.

Bibi ninayemsema ni mama yake baba, yule fundi cherehani. Anakaa ghorofani, vyumba viwili ukiacha jiko na bafu: kimoja cha kulala, kimoja cha kushonea, na hicho cha kushonea ndicho sebule, ndicho cha wageni, ndicho kila kitu. Mna meza ndefu ya kukatia, cherehani ya umeme, cherehani nyingine ya miguu iliyokufa zamani ambayo Bibi hataki itupwe, meza ya kupigia pasi isiyokunjwa hata siku moja, na kabati la nguo za wateja lililojaa naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Naftalini ndiyo manukato ya nyumba ile. Ukiingia inakukwaruza pua, ukikaa kidogo unaisahau. Hilo liweke akilini.

Halafu yuko Meneja. Dume la kijivu, zito, sikio moja limechanika. Aliingia humo akiwa wa kutosha kiganjani, ndani ya gunia la vipande vya vitambaa, na tangu hapo hajawahi kufanya kazi yoyote zaidi ya kulala juu ya meza ya pasi pasi ikishazimwa, kwenye joto lile, akiwatazama wenzake wanavyohangaika. Jina likaja lenyewe. Sasa naye kazeeka. Nyonga zimekaza. Ili apande mezani lazima apitie kwenye kiti, apumzike, agune, ndiyo apande, kama mstaafu kwenye ngazi za benki.

Na Bibi mgongo umemgeuka. Daktari kamkataza kuinama, si kidogo, si kwa uangalifu, kamkataza. Pini zikidondoka haokoti kwa mkono. Ana fimbo aliyoifunga sumaku nchani, anaipitisha sakafuni akiwa wima kama askari wa gwaride, na pini zinamfuata zenyewe. Lakini sumaku haichoti mchanga wa paka, mwenzangu. Beseni la Meneja lilikuwa chini, nyuma ya mlango, na kila asubuhi Bibi alikuwa anainama kimya kimya bila kumwambia mtu, mpaka mgongo ulipomkamata katikati. Akaanguka kati ya ukuta na meza ya kukatia. Akalala pale chini, kijiko cha mchanga mkononi, mpaka mteja aliyefuata gauni lake alipogonga na kusikia sauti ikitoka chini ikimwambia asubiri kidogo, gauni liko tayari ila fundi hayuko tayari.

Bibi hupenda kulisimulia hilo kwa kucheka. Shangazi hakucheka.

Shangazi ni nesi, wodi ya mifupa. Kila siku anawageuza kitandani wazee walioteleza, na anajua wangapi hurudi nyumbani kwa miguu yao. Alikuja mbio na sare zake, akamkagua Bibi toka shingo mpaka kifundo cha mguu, akaketi, akasema kwa sauti ya chini ile inayotisha kuliko ya juu: "Mama, huyu paka atakuua."

Bibi akamjibu kwamba hakuangushwa na paka, aliangushwa na uzee, mbona uzee hakuna anayeufukuza.

Wakavutana pale mpaka chai ikapoa. Mwisho Shangazi akatoa hukumu. Anarudi Jumamosi. Anataka kukuta choo cha paka ambacho Mama hainami hata chembe, na anataka nyumba isiyonuka, kwa sababu wateja wameanza kunusanusa nguo zao mlangoni. Akikosa moja kati ya hayo mawili, Meneja anakwenda kwa mwoka mikate. Mwoka mikate ana ghala la unga lenye panya wa ukubwa wa viatu, na alishakubali kumpokea. Halafu Shangazi akanigeukia mimi, niliyekuwa likizoni kutoka chuoni na nimekuja kukaa na Bibi. "Digrii, kitafute. Si unajua kutafiti."

Ndiyo wananiita Digrii, na bado hata sijaimaliza.

Nilicheka. Nilidhani ni kazi ya mchana mmoja. Shangazi alipoondoka nikamkuta Bibi ameketi kwenye cherehani, mguu uko kwenye pedeli lakini haukanyagi. Akaniambia bila kugeuka: "Nikizima hii mashine, mjukuu wangu, humu ndani kinachopumua ni mimi na yeye." Meneja alikuwa amelala mezani, pua kwenye mkia. Basi. Kicheko kikanikauka papo hapo.

Nikatafiti. Usiku na mchana simu mkononi. Ulimwenguni kuna vyoo vya paka vya kila aina, mwenzangu, vingine vizuri kuliko mabafu ya hosteli yetu. Nilianza na kile cha umeme kinachojisafisha. Ni duara kubwa kama kichwa cha mwanaanga, paka akishamaliza linazunguka, linachuja, linaficha uchafu kwenye droo. Nikasema hapa tumefika. Muuzaji akaniazima nikajaribu, akaniapia kwamba paka wake mwenyewe analipenda.

Meneja alilizunguka kwa mbali. Akalinusa, akapiga chafya, akarudi nyuma. Nikalibonyeza nimwonyeshe linavyofanya kazi, likaguna, likaanza kuzunguka, na mzee yule ambaye huhitaji kiti na mapumziko ili apande meza ya pasi akaruka mpaka juu ya kabati kwa hatua moja. Bibi akalitazama duara likizunguka, akasema hata yeye asingekaa kwenye choo kinachoweza kubadili mawazo katikati. Usiku ule Meneja akajisaidia kwenye kikapu cha mabaki ya vitambaa.

Nikalirudisha. Nikaja na la pili: sanduku refu lenye mlango juu, harufu haitoki, mchanga haumwagiki, na kwa urefu wake Bibi angechota akiwa amekaa kitini. Kwa Bibi lilikuwa kama limekatwa kwa vipimo vyake. Kwa Meneja lilikuwa ukuta. Alisimama, akaweka miguu ya mbele ukingoni, akajaribu kuivuta ile ya nyuma, nyonga zikakataa. Akabaki ananing'inia hivyo, ananitazama. Nikamnyanyua nikamweka ndani. Akapiga chafya, akatapatapa, akatoka na mchanga wote. Asubuhi kikapu kingine cha vitambaa, na mara hii kulikuwa na kola za mashati ya watu.

Sasa naona unaanza kuelewa kilio cha dukani. Nilipolirudisha lile la pili, muuzaji akaniuliza tu kwa adabu shida ni nini hasa, na mimi nikafungua mdomo kumweleza: nina wazee wawili, mmoja hawezi kuinama, mwingine hawezi kupanda. Choo kikiwa chini kinamuua Bibi. Kikiwa juu kinamfukuza paka. Paka akifukuzwa Bibi anabaki na mashine. Nilipofika kwenye mashine sauti ikakatika. Ndipo kiti, ndipo mama wa samaki.

Muuzaji alikuwa mtu mzuri, alinipa trei la kawaida, pana, upande mmoja umekatwa chini ili mzee aingie bila kunyanyua mguu, na kijiko chenye mpini mrefu kama wa ufagio. Nikasema afadhali nusu. Bibi atachota akiwa wima. Siku ya kubadilisha mchanga wote nitakuja mimi.

Nikaliweka mahali palepale pa siku zote, nyuma ya mlango. Hakuna umeme, hakuna ukuta. Meneja akaja, akasogeza pua, akapiga chafya. Akanitazama kwa macho ya mtu aliyetukanwa na mwanawe. Akageuka, akaenda zake chini ya cherehani iliyokufa, akachuchumaa pale pale mbele yangu, juu ya bitana ya koti la mtu.

Nyumba ikaanza kunuka, na si utani. Bibi akafungua madirisha yote. Akapika maji ya ndimu. Akafua mapazia, mimi nikiyasuuza. Mteja mmoja aliingia akajifunika mdomo kwa khanga akijifanya anakohoa, na alipotoka Bibi akaniambia kwamba kwenye kazi hii ukishona vibaya watu wanakurudishia ushone upya, lakini nguo ya mtu ikinuka umemvua heshima, na hiyo hairudishwi.

Zikabaki siku chache. Nikakimbia hosteli kuchukua nguo safi, na mwenzangu wa chumbani, yule mwenye ulimi, nilipomkumbatia tu akanisukuma. "Una nini? Unanuka sanduku la marehemu."

Nikamwambia ni kwa Bibi kule, ni naftalini. Akasema anaijua naftalini, kwao ipo, ila hii yangu imezidi, nimelala ndani ya kabati au vipi. Tukacheka, nikasahau. Nyani haoni kundule, na mimi hapo nilikuwa nyani mwenye kadi ya maktaba.

Nikarudi. Kuchoka kulikuwa kumenifika kwenye mifupa. Nikalichukua lile trei, nikalipeleka bafuni, nikalisugua upya, nikalitoa nje koridoni likauke, nikalijaza mchanga mpya hukohuko nisichafue sakafu ya Bibi. Nikauacha mlango wazi nikachukue kijiko. Niliporudi nikamkuta Meneja koridoni. Ametoka mwenyewe, ameingia ndani ya trei, amechuchumaa, amefumba macho. Mwenzangu, yule paka alikojoa. Alikojoa kama mtu aliyeshuka kwenye basi la safari ndefu. Mimi nimesimama na kijiko changu, nafsi imetulia tuli, naogopa hata kumeza mate. Akamaliza, akafukia vizuri, akanipita, akaingia ndani.

Nililibeba trei lile kama keki ya harusi. Nikaliweka nyuma ya mlango, nikampigia Bibi vigelegele, nikaingia jikoni kumchemshia chai ya kushangilia. Saa ileile Meneja akarudi kwenye trei, akafika ukingoni, akapiga chafya, akageuka.

Trei lilelile. Mchanga uleule. Paka yuleyule. Nikatoka jikoni na sufuria mkononi nimuulize Bibi kama amemwona, na ndipo nilipomwona yeye.

Alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mgongo umenyooka kama alivyoamriwa. Mkononi ana ile fimbo ya sumaku. Kwenye sumaku kumening'inia kifuko kidogo cha kitambaa cheupe, kimeshonwa pindo zuri kabisa, kimechomekwa pini ili sumaku ikishike. Alikuwa anakishusha taratibu, taratibu, mpaka kikagusa chini ya trei, nyuma kule ambako mtu haoni. Akakitingisha, pini ikaachia. Pembeni yake vilikuwepo vingine alivyokwisha kuvishusha mimi nikiwa jikoni. Vifuko vingi, mwenzangu, vimepangwa ukutani kama vifaranga.

Nikaweka sufuria chini. Nikapiga magoti, nikakichukua kimoja, nikakisogeza puani kabisa, na hata pua yangu iliyokufa ikashtuka. Naftalini tupu.

"Bibi," nikamwambia, "umeanza lini kuviweka?"

Akasema tangu siku ile Shangazi aliposema nyumba inanuka. Alikiweka kimoja kwenye lile duara la umeme. Harufu ikazidi, akaongeza. Kwenye lile refu akaweka zaidi. Si ndivyo inavyofanywa? Nguo ikinuka unaweka naftalini, na ikizidi kunuka unazidisha. Tangu yuko msichana wa kufagia vipande chini ya meza ya fundi wake, ndivyo alivyofundishwa, na hakuna nondo aliyewahi kumshinda. Alitaka tu Shangazi akiingia asikute neno la kusema.

Mimi nilikuwa nimeshika simu tayari. Nikampigia daktari wa wanyama, akaniambia bila kuzunguka kwamba vidonge vile kwa paka ni sumu, vitolewe vyote sasa hivi, madirisha yafunguliwe, na paka achunguzwe kama anatapika au analegea. Nikarudia maneno yake kwa sauti, nikiwa sijafikiri. Bibi akanisikia.

Ile fimbo ikamtoka mkononi.

Akaketi kwenye kiti cha wateja, yeye ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti cha wateja. Akamwita Meneja, Meneja asije. Akamwita tena. "Kumbe ni mimi," akasema. "Wao wanasema wanamfukuza, kumbe mimi ndiye niliyekuwa namfukuza, kwa mkono wangu, na pindo nimemwekea." Halafu akasema jambo ambalo sikutaka kulisikia. Akasema nimpigie Shangazi amwambie mwoka mikate aje leo, asingoje Jumamosi. Mtu asiyejua kumlinda kiumbe wake hana haki ya kumng'ang'ania.

Sikumpigia. Nilikaa sakafuni pale miguuni kwake na nikalia tena, kilio cha pili cha wiki. Sikumbembeleza. Nilimwambia tu kwamba Meneja alipojisaidia koridoni alikuwa na njia mbili: ngazi za kushuka barabarani na mlango wa kurudi ndani. Alirudi ndani. Baada ya muda Meneja akatoka chini ya meza, akapita mbele yetu kama mkaguzi, akalala juu ya mguu wa Bibi. Hakutapika. Hakulegea. Alikuwa na njaa tu.

Tukatoa naftalini yote. Yote, hata ya kabatini. Tukaifunga kwenye mifuko, nikaipeleka mbali. Nguo za wateja tukazipepea dirishani, zikapeperuka juu ya barabara kama bendera za nchi isiyojulikana.

Lakini ona sasa: paka amepona, Jumamosi inakuja, na mzigo wa kwanza uko palepale. Trei liko chini. Bibi anaweza kuchota kwa mpini mrefu, ndiyo, lakini anachokichota akiweke wapi? Na mchanga wenyewe ukichoka, nani aunyanyue? Mimi narudi chuoni. Shangazi si mjinga, hilo atalijua kabla hajavua viatu.

Ni Bibi aliyeamka. Asubuhi nikamkuta amevaa subana ya kushonea kidoleni, futi kamba shingoni, analipima lile trei kama bwana harusi. Mapana. Urefu. "Huyu kiuno kipana," akaniambia, "ila hana makalio." Hapo nikajua amerudi. Akachukua mabaki ya bitana, akashona mfuko mpana unaotandikwa ndani ya trei, na pembeni yake akapitisha kamba kama ya suruali ya kulalia. Mchanga unawekwa kidogo, wa vipande vyepesi vya mbao. Ukichafuka unavuta kamba, mfuko unajikunja wenyewe, unanyanyua kitu chepesi kama kifungu cha mboga, unatumbukiza kwenye ndoo yenye kifuniko iliyo juu ya kiti, unatandika mwingine. Akashona mingi. Na kwenye ncha ya kila kamba akafunga pini.

Trei likapanda juu ya cherehani iliyokufa, urefu wa kiuno chake. Nikamuuliza, na Meneja je? Bibi akaitazama meza ya kupigia pasi. Nikamtazama Bibi. Tukaikunja miguu kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, tukaulaza ule ubao wake wenye godoro, ncha moja sakafuni, ncha nyingine ukingoni mwa trei, tukaufunga usiteleze. Ngazi isiyo na ngazi. Na yule mzee, ambaye maisha yake yote ule ubao ni kitanda chake na ofisi yake, akauona umelala upande, akaukanyaga, akaupanda mpaka katikati, akalala hapo hapo.

Akalala, mwenzangu. Hakufika juu. Usiku ule alijisaidia koridoni, kwenye beseni lake la zamani nililokuwa nimeliweka huko. Na leo ndiyo Jumamosi.

Shangazi alifika na kapu la kumbebea paka mkononi. Chini barabarani gari la mikate limesimama, mwoka mikate mwenyewe ndani yake anasubiri. Shangazi akaingia, akasimama mlangoni, akavuta pumzi. Nikafumba macho.

"Mbona hakunukii kwetu?" akasema.

Si kwamba kunanuka. Hakunukii kwetu. Ile naftalini aliyokulia nayo haikuwepo, na niliona uso wake umepotea kidogo, kama mtu aliyepanda ngazi za nyumba siyo. Nikamweleza yote, kwa pumzi moja. Akasikiliza, akauangalia ubao, akaliangalia lile trei juu, akaweka kapu chini. Akasema maneno matamu hayapimwi hospitali. Anataka kuona kwa macho: paka apande, amalize, na Mama asafishe bila kuinama. Asipoona, kapu hilo.

Basi tukakaa. Umewahi kukaa watu wazima watatu mnamsubiri paka ajisikie? Bibi kitini, Shangazi kwenye kiti cha wateja na sare zake, mimi sakafuni. Meneja kwenye ubao, amelala. Akaamka, akajilamba mguu. Akajilamba mguu wa pili. Chini honi ikalia. Shangazi akatazama saa. Bibi alikuwa amekunja mikono mapajani, vidole vinabana vidole mpaka vimepauka, na midomo inatembea, sijui anamwomba Mungu au anamwomba paka. Honi tena. Shangazi akasimama, akachukua kapu, akasema kwa upole, na ule upole ndio ulionimaliza, "Mama, nimejaribu."

Na Meneja akainuka. Akajinyoosha. Akaupanda ubao, hatua, hatua, akafika ukingoni, akanusa. Hakupiga chafya. Akaingia.

Shangazi akabaki na kapu mkononi. Ukasikika mchanga tu ukikwaruzwa, kisha kimya, kisha ukikwaruzwa tena. Akashuka zake hata hakututazama.

Bibi akasimama. Akavuta kamba, mfuko ukajikunja kama alivyoupanga. Akaunyanyua, akautia ndani ya ndoo, akafunika. Akachukua mfuko mpya, ukamponyoka, ukaanguka sakafuni. Nikamwona mgongo wake unaanza. Yale mazoea ya miaka yote, mabega yanatangulia, kiuno kinafuata. Na Shangazi, hapo ndipo nilipomwona vizuri, alikuwa hamtazami paka. Tangu mwanzo hakuwa akimtazama paka. Alikuwa anautazama mgongo wa mama yake.

Bibi akasimama katikati ya kuinama. Akajinyoosha. Akanyoosha mkono ukutani, akachukua fimbo yake, akaishusha, sumaku ikaidaka pini kwenye ncha ya kamba, tik. Mfuko ukapanda wenyewe mpaka mkononi mwake. Akautandika, akaulainisha pembe nne kama anavyolainisha kola.

Shangazi akaketi. Akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kumcheza, nikadhani anacheka. Hakuwa anacheka. Akasema ndani ya viganja kwamba kila anapoletwa wodini bibi aliyevunjika nyonga, yeye anaangalia kwanza uso kabla ya jina, akiogopa. Bibi akamwendea akamshika kichwa, akakibana tumboni kwake, akamwambia, "Mwanangu, siinami tena. Ila na wewe usinifungie mlango kabla sijaanguka."

Meneja anabaki. Umesikia? Anabaki.

Shangazi akanawa uso, akachukua kapu lake tupu, akasema anashuka mwenyewe kumwambia mwoka mikate, si adabu kumwambia kutoka dirishani. Hilo lina muda sasa. Chai niliyomwekea imeota utando. Na mimi niko hapa dirishani, namwona, na kapu liko juu ya paa la gari la mikate, na Shangazi, yule Shangazi wa sauti ya chini, ameegemea mlango wa gari kakunja mguu mmoja, na mwoka mikate anamweleza jambo kwa mikono yote miwili, na anacheka. Shangazi anacheka. Bibi ananiambia niondoke dirishani, sina haya, halafu na yeye amesogeza kiti chake karibu, wima kabisa, bila kuinama.

Ngoja, kapu linashuka. Anatia kitu ndani. Bibi kaninyang'anya pazia, sioni vizuri. Nakata sasa hivi; kesho nitakuambia Shangazi kapanda na nini humo kapuni, na kama aliikumbuka chai yake.